Moto wa zamani bado uko chini ya Unguja Ukuu

Mji Mkongwe una kuta zake za mawe za kukuonesha. Sasa nenda Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa: mji ulikuwepo hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lakini juu ya ardhi hutaona mengi. Nyumba za miti na udongo zilishaoza. Chini vimebaki vigae, mabaki ya chuma na usumaku.

Usumaku? Ndiyo. Udongo una chembe za oksidi ya chuma. Mojawapo, magnetaiti, ikipashwa moto kupita nyuzijoto 580 hivi za Selsiasi, hupoteza usumaku wake. (Chuma chenyewe huvumilia mpaka 770, Pierre Curie alilichunguza jambo hili mwaka 1895.) Ikipoa, huupata upya, ikifuata uelekeo wa sumaku ya dunia wa siku ile. Basi kila jiko na kila tanuri huacha alama.

Watafiti walipita pale na kipimasumaku, na mwaka 2017 jarida la Antiquity likachapisha walichokiona kuhusu mpangilio wa mji. Lakini moto wa leo nao huacha alama. Ukichoma taka pale, au ukaangusha misumari, kifaa hakijui kipi ni cha karne ya 8.