Pwani Yetu ni Mto: Historia ya Samaki na Vitamutamu vya Arua na Koboko



Ndugu wasomaji, kila likizo ya shule inapokaribia, watoto wetu husikia habari za wenzao waliokwenda Mombasa au Unguja. Husimuliwa juu ya samaki wa kupaka, pweza wa kuchoma pale Forodhani, kaimati na halua. Kisha huja nyumbani na swali ambalo wazazi wengi tunalijibu kwa kucheka: mbona sisi wa Arua na Koboko hatuna pwani?

Sisi tunasema pwani tunayo. Ni kweli kwamba kutoka Arua hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Lakini upande wa mashariki wa West Nile unapita Mto Nile, ukitoka Ziwa Albert na kuteremka hadi Nimule. Panyimur, Wadelai na Rhino Camp ni pwani zetu. Zina mchanga, mitumbwi, nyavu na akina mama wanaoanika samaki juani. Tukiangalia vizuri sahani zetu, tutaona kwamba samaki na vitamutamu tunavyokula vimebeba historia ambayo watoto wetu hawasomi shuleni. Makala hii ni kwa ajili ya familia zinazotaka kuwasimulia.

Samaki wa safari

Tuanze na angara. Huyu ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mafuta na miiba mingi, ambaye wataalamu humwita Alestes baremoze. Yuko katika Ziwa Albert na katika Nile. Samaki huharibika upesi kwenye joto, na zamani hapakuwa na barafu wala lori. Ndiyo maana wazee wetu walimpasua, wakamtia chumvi na kumkausha juani, au wakambanika kwa moshi. Akiwa mkavu aliweza kubebwa kichwani siku nyingi, mpaka vilima vya Koboko na ng'ambo ya mpaka wa Kongo.

Chumvi nayo ina historia yake. Kibiro, upande wa Bunyoro wa Ziwa Albert, wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne nyingi kutokana na chemchemi za maji ya moto. Chumvi hiyo ilivuka ziwa na kuuzwa mbali. Wanaakiolojia walichimba hapo miaka ya 1989 na 1990, wakakuta kwamba kazi hiyo ni ya zamani sana.

Kwa sisi Waislamu, samaki ana jambo la ziada. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl aya ya 14, inataja nyama laini itokayo baharini kuwa ni neema, na wanazuoni wameeleza kwamba samaki hahitaji kuchinjwa. Katika Surat Al-Kahf tunasoma jinsi Nabii Musa, alayhis salaam, na kijana wake walivyosafiri na samaki kama chakula chao. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa katika nchi kama yetu, ambapo Waislamu na wasio Waislamu wameishi kijiji kimoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Nyama ilizua swali la nani amechinja. Samaki hakuzua swali hilo. Mjomba Mkristo na mpwa Mwislamu waliweza kuketi kwenye sinia moja bila yeyote kuona haya.

Wanawake waliobeba jiko

Uislamu ulikuja kwetu zaidi kwa njia ya mto kutoka kaskazini. Mwaka 1878 Emin Pasha alikuwa gavana wa mkoa wa Equatoria, uliotawaliwa na Misri. Vita vya Mahdi vilipokata njia ya Khartoum, mwaka 1885 alirudi nyuma na askari wake hadi Wadelai, hapo hapo kando ya Nile. Mwaka 1889 Emin aliondoka pamoja na Stanley, wakafika Bagamoyo mwezi wa Disemba. Askari wengi walibaki. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta baadhi yao chini ya Selim Bey huko Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua kulinda maslahi ya Waingereza Uganda.

Vitabu vinasimulia maafisa. Lakini askari walikuwa mia kadhaa tu, na watu waliofuatana nao, wake, watoto na watumishi, walikuwa maelfu. Wengi wa wanawake hao walitoka katika makabila ya huku, na wengine hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Hatupaswi kuficha jambo hilo. Hata hivyo, ni wao waliolea watu wanaoitwa Wanubi. Lugha ya Kinubi, ambayo msingi wake ni Kiarabu, ilikua vinywani mwa watoto wao. Kisra, ule mkate mwembamba wa Sudani, uliendelea kupikwa mikononi mwao, na kawa zao za rangi nyingi bado hufunika vyakula vya harusi. Samaki mkavu wa mto akaliwa na kisra katika nyumba moja, na katika nyumba ya pili akaliwa na enyasa, ugali wetu wa muhogo na nafaka.

Nazi na ufuta

Wageni kutoka pwani wakija Arua hushangaa kwamba samaki wetu ana mchuzi mzito kama wa nazi, na minazi hakuna. Jibu ni ufuta na karanga. Akina mama husaga ufuta uliokaangwa mpaka utoe mafuta, wakauchanganya katika mchuzi wa angara. Mpishi wa Lamu ana mnazi, mpishi wa Koboko ana shamba la ufuta. Kila mmoja ametafuta mafuta ya kulainisha samaki katika kile alichojaaliwa na Mola wake.

Hata vitamutamu viko hivyo. Pwani wana kashata za ufuta. Huku kwetu ufuta hufinyangwa na asali au sukari ukawa vidonge ambavyo watoto hununua barabarani. Asali ya West Nile inajulikana Uganda nzima, na kabla ya sukari kufika, hiyo ndiyo ilikuwa tamu yetu. Mandazi yametufikia kutoka pwani kwa njia ya wafanyabiashara na askari waliosema Kiswahili, na leo hakuna Idi bila mandazi na chai ya maziwa.

Utamu wenye jasho

Hapa tunaomba wanafunzi wasome kwa makini. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 lilitoka mikononi mwa Wabelgiji, na mwaka 1914 West Nile iliwekwa chini ya Uganda, boma likajengwa Arua. Bandari yetu ilikuwa Rhino Camp, mahali ambapo Theodore Roosevelt wa Marekani alipiga kambi Januari 1910 akiwinda vifaru weupe. Vifaru hao walikwisha. Meli zilizopita mtoni zilileta nguo, chumvi na sukari, na zilichukua watu.

Watu hao walikwenda wapi? Serikali ya kikoloni ilitoza kodi, lakini West Nile haikupewa nafasi kubwa ya kupata fedha nyumbani. Vijana wa Lugbara, Alur na wenzao wakaenda kusini kufanya kazi za vibarua. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930. Katika mashamba yale ya miwa, watu wa West Nile walikuwa miongoni mwa wakataji wakubwa kwa miongo mingi.

Basi mtoto akitia vijiko vitatu vya sukari katika chai yake ya Idi, ajue kwamba utamu ule ulikatwa kwa panga na babu zake, mbali na wake zao na watoto wao. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi. Hatusemi hivi ili mtoto asifurahie chai yake. Tunasema ili asiidharau.

Sahani iliyopotea

Baada ya serikali ya Idi Amin, mzaliwa wa ukoo wa Koboko, kuanguka mwaka 1979, West Nile yote ililipizwa kisasi, hata wale ambao hawakupata chochote kwake. Tangu 1980 watu wengi sana walikimbilia Zaire na Sudani. Waliokimbia hawakubeba mitego wala vinu. Watoto waliozaliwa kambini walilelewa kwa chakula cha mgawo, na wengi waliporudi katika miaka ya 1980 ilibidi wajifunze upya vyakula vya kwao.

Leo mambo yamegeuka. Vita vya Sudani Kusini vilivyoanza 2013 na kuzuka tena 2016 vimeleta wakimbizi wengi Rhino Camp, Koboko na Bidibidi kule Yumbe. Wengi wao ni watoto wa watu waliotupokea sisi. Angara anayeuzwa karibu na kambi anafanya kazi ile ile ya zamani ya kukutanisha watu kwenye sinia moja.

Lakini tuna wasiwasi. Samaki wakubwa wa Ziwa Albert wamepungua, na angara ni mmoja wao. Leo zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani ni wale wadogo sana, muziri na ragoge, wanaovuliwa usiku kwa taa. Wavuvi ni wengi, nyavu nyingi ni za macho madogo, na samaki wachanga hutolewa kabla ya kuzaa. Bei ya angara imepanda mpaka nyumba nyingi humla kwa nadra. Akipotea angara, hatutapoteza kitoweo tu. Tutapoteza ushahidi wa njia hii yote, kuanzia chumvi ya Kibiro mpaka sinia ya mjomba na mpwa.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, likizo ijayo si lazima iwe ya gharama kubwa. Mwenye uwezo na awapeleke watoto Panyimur au Rhino Camp wakaone mitumbwi ikirudi asubuhi, wale samaki hapo hapo karibu na maji. Asiye na uwezo na amwombe bibi apike angara kwa ufuta, na watoto wakae jikoni waandike kila hatua kwenye daftari, pamoja na majina ya vyakula kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur au Kinubi. Waulize pia ni nani katika ukoo alikata miwa, na ni nani alizaliwa ukimbizini. Na sokoni, tusinunue samaki wachanga hata wakiwa rahisi. Sisi tunaonunua tuna sehemu yetu katika kuharibu mto au kuulinda.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, na azihifadhi neema za maji yetu kwa wale watakaokuja baada yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.