Makanisa ya Rochester na Kampuni ya Kodak, 1964–1967



Mhariri aliponiomba makala ya historia, niliamua kuandika juu ya mji ambao wengi wetu tuliijua bidhaa yake bila kuujua mji wenyewe. Kabla simu za mkononi hazijaanza kupiga picha, studio zetu zilijaa viboksi vya manjano vya filamu ya Kodak. Makao makuu ya kampuni hiyo ni Rochester, mji wa viwanda katika jimbo la New York, Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 iliajiri mjini humo watu wapatao 40,000. Hakuna aliyeweza kuisema vibaya. Mwanzilishi wake, George Eastman, aliyefariki mwaka 1932, alikuwa ametoa mali nyingi kwa chuo kikuu, hospitali na shule ya muziki, na kampuni ikaendelea na ukarimu huo. Vyama vya wafanyakazi havikupata mlango wa kuingilia.

Lakini mji ulikuwa unabadilika. Mwaka 1950 watu weusi wa Rochester walikuwa chini ya 10,000. Kufikia mwaka 1964 walizidi 30,000, wengi wao wakiwa wametoka mashambani katika majimbo ya kusini. Walipanga katika nyumba chakavu za mitaa miwili mitatu, na milango ya viwanda ilikuwa migumu kwao. Usiku wa tarehe 24 Julai 1964 fujo zilizuka. Zilidumu siku tatu, na gavana akalazimika kuleta askari wa akiba wa jimbo.

Hapo ndipo Baraza la Makanisa la eneo hilo lilipojiuliza lifanye nini. Huduma ilikuwapo tangu zamani: nguo, chakula, mahubiri. Wachungaji kadhaa waliona kwamba hayo hayatoshi, kwa kuwa watu wale hawakuwa na chombo cha kusemea. Basi wakamwendea Saul Alinsky wa Chicago. Bwana huyu hakuwa Mkristo; alikuwa Myahudi asiyependa sana dini, tena mwenye ulimi mkali. Hata hivyo, tangu mwaka 1939 alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na parokia za Kikatoliki za Chicago, katika mitaa ya wafanyakazi wa machinjio, kuwaunganisha wananchi wadai haki zao. Makanisa ya Rochester yaliahidi kuchanga dola 100,000 kwa kazi ya miaka miwili, naye Alinsky akasisitiza kwamba hatakuja mpaka watu weusi wenyewe wamwite.

Chama kilizaliwa mwaka 1965, kikijumuisha makanisa ya watu weusi na vikundi vingine vya mitaani zaidi ya 100. Kiliitwa FIGHT, maana yake Pambana, na kila herufi ilisimamia neno lake: Uhuru, Utangamano, Mungu, Heshima, Leo. Baadaye neno Utangamano liliondolewa, likawekwa Kujitegemea. Msomaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Mwenyekiti alikuwa mchungaji, Franklin Florence, rafiki wa Malcolm X. Wazungu waliounga mkono walikaa katika chama chao cha pembeni, cha marafiki wa FIGHT. Hawakuruhusiwa kushika usukani.

Septemba 1966 Florence na wenzake walikwenda Kodak kudai kampuni iwafundishe kazi na kuwaajiri watu weusi wasio na ujuzi, na FIGHT ishirikishwe katika kuwapata. Kampuni ilijibu kwamba inao mpango wake, na kwamba haiwezi kukipa chama kimoja haki isiyopewa vingine. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mazungumzo yaliendelea, na tarehe 20 Desemba 1966 afisa wa ngazi za juu, John Mulder, aliyekuwa amepewa kazi ya kuzungumza kwa niaba ya kampuni, alitia saini makubaliano ya ajira 600 katika miezi 24. Siku mbili baadaye wakubwa wake wakatangaza kwamba hakuwa na mamlaka ya kutia saini.

Sisi tunaofanya kazi serikalini tunajua uzito wa jambo hili. Kama umemtuma mtu mezani, saini yake ni yako. Ukiikana, aliye upande wa pili ataulizaje tena nani mwenye neno la mwisho? Kwa maoni yangu, ajira 600 hazikuwa tena shina la ugomvi baada ya siku ile.

Na ugomvi ukaingia makanisani. Waumini wengi walikuwa wafanyakazi wa Kodak, hata baadhi ya wazee wa kanisa waliokusanya sadaka. Meneja na mchungaji aliyemuunga mkono Florence walikaa Jumapili katika jengo moja. Michango ilipungua, na kituo kimoja cha redio kikaliondolea Baraza la Makanisa muda wa bure wa kutangaza ibada. Askofu Mkatoliki Fulton Sheen, aliyefika mjini Desemba 1966, alimteua padri David Finks kushughulikia huduma ya mjini, naye Finks akawa upande wa FIGHT. Si ajabu waumini wengine walinuna.

Silaha iliyofuata haikuwa imezoeleka. FIGHT ilinunua hisa 10 za Kodak, kiasi cha kuingilia mkutano wa wanahisa tu. Kisha ikaziomba taasisi za makanisa nchi nzima, zilizoweka akiba zao katika hisa za kampuni hiyo, zisiwape wakurugenzi idhini ya kupiga kura kwa niaba yao. Madhehebu kadhaa yalikubali. Tarehe 25 Aprili 1967, katika mji mdogo wa Flemington, New Jersey, Florence alisimama mbele ya wanahisa akauliza kama makubaliano ya Desemba yataheshimiwa. Akatoka nje na watu wake. Aliporudi, jibu lilikuwa hapana. Kwa hesabu ya kura, kampuni haikutikisika hata kidogo. Kwa sifa yake magazetini, ilitikisika sana.

Juni 1967 Kodak ilipeleka simu ya maandishi kwa Florence: ilitambua kwamba FIGHT inasema kwa niaba ya maskini weusi wa mji, na maafisa wake wa ajira wangefika mitaani pamoja na washauri wa chama. Idadi ya 600 haikutajwa. Wapo waliosema Florence alikubali maneno matupu. Mimi nadhani alipata kitu ambacho Kodak ilikuwa imekikataa tangu siku ya kwanza, yaani kukubali kwamba yuko mtu wa kuzungumza naye. Mwaka 1968 FIGHT ilianzisha kiwanda chake yenyewe, kwa msaada wa Xerox, jirani wa Kodak.

Makanisa nayo hayakuisahau Flemington. Mwaka 1971 Kanisa la Episkopali la Marekani lilipeleka hoja mbele ya wanahisa wa General Motors, likiitaka kampuni hiyo iondoke Afrika Kusini ya makaburu. Hoja ilishindwa kwa kura nyingi, na miaka iliyofuata makanisa yakarudi katika mikutano ya makampuni mengine na hoja kama hiyo.