TV chogo na filamu pana: Ile mistari meusi si ubovu

Filamu imeanza, sauti ipo, rangi ipo, lakini juu na chini ya kioo kuna mistari miwili minene meusi. Au mistari haipo, ila kila mtu kwenye picha amerefuka na kukonda kama amenyooshwa. Wengi huanza kupigapiga TV, wengine wanambebea fundi.

Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, ni kama maeneo mengine mengi ya Tanzania: TV za flati zimeingia, lakini TV chogo bado zinapiga kazi. Na mara nyingi picha ya namna hiyo si ubovu. Ni suala la umbo, na marekebisho yake ni bure.

Tatizo liko wapi?

Kioo cha TV chogo kina umbo la 4:3. Yaani upana ukigawanywa mafungu manne, kimo ni mafungu matatu. TV za flati za sasa ni 16:9, pana zaidi. Filamu kubwa za sinema huwa pana kuliko hata hapo: picha ya Titanic ya mwaka 1997, kwa mfano, upana wake kwenye sinema ulikuwa karibu mara 2.4 ya kimo.

Picha pana haiwezi kujaa kwenye kioo kilichokaribia mraba bila kupoteza kitu. Mtazamaji anachoweza kuchagua ni kipi kipotee.

Tofauti hii ilianza lini?

Zamani filamu za sinema zilikuwa na umbo linalokaribia 4:3, na TV zilipokuja zikafuata umbo hilohilo. Miaka ya 1950 Wamarekani walianza kubaki nyumbani na TV zao, sinema zikakosa watu. Hollywood ikajibu kwa kupanua picha. Mwaka 1953 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa The Robe, filamu ya kwanza ya mfumo wa CinemaScope, ambayo upana wake ulikuwa takriban mara mbili na nusu ya kimo. Lengo lilikuwa kumpa mtazamaji kitu ambacho TV ya sebuleni haiwezi kumpa.

Kwa Tanzania, jambo hili lilionekana zaidi baada ya kuhamia dijitali. Dar es Salaam ilizimiwa analojia Desemba 31, 2012, na Dodoma ikafuata mapema 2013. King'amuzi kiliiokoa TV chogo isitupwe, lakini kikaileta pia picha pana kwenye kioo cha zamani.

Hesabu ya chogo ya inchi 21

Inchi 21 hupimwa kona hadi kona. Kioo cha hivyo kina upana wa karibu sentimita 43 na kimo cha sentimita 32.

- Kipindi cha 4:3 kinajaza kioo chote.
- Picha ya 16:9 inapata kimo cha sentimita 24. Mistari meusi ni sentimita 4 juu na 4 chini.
- Filamu pana ya sinema inapata kimo cha sentimita 18 tu. Mistari ni sentimita 7 juu na 7 chini.

Ndiyo maana mistari ya filamu moja ni minene kuliko ya nyingine, ingawa TV ni ileile.

Njia tatu, hasara tatu

*Kuacha mistari.* Kwenye deki nyingi za DVD inaandikwa "4:3 LB". Picha inakuwa ndogo, lakini yote ipo.

*Kukata pembeni.* Huandikwa "4:3 PS". Kioo kinajaa, ila robo ya upana wa picha ya 16:9 inakatwa. Kwa filamu pana ya sinema, kinachokatwa kinaweza kufika zaidi ya asilimia 40. Watu wawili wanaongea, mmoja haonekani. Kwenye mpira, matokeo yaliyoandikwa kwenye kona yanaweza kukatwa nusu.

*Kuminya.* Hii hutokea deki au king'amuzi kikiwa kimewekwa "16:9" wakati TV ni chogo. Hakuna kinachokatwa, lakini sura zinarefuka kwa theluthi moja na magurudumu ya gari yanakuwa kama mayai.

Ipi ifuatwe?

Kwa filamu, LB ndiyo salama, hasa yenye maandishi ya tafsiri, kwa sababu mistari ya maneno mara nyingi hutanda upana wote. Ikikatwa pembeni, sentensi inapoteza mwanzo na mwisho. Filamu zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu Derick Mukandala "Lufufu", hazina shida ya maandishi, ila anayesimuliwa bado anaweza kuwa ameachwa nje ya kioo.

PS inafaa zaidi kwa taarifa ya habari au mahojiano, ambapo msemaji hukaa katikati, na kwa mtu mwenye macho hafifu anayetaka picha kubwa.

Pa kubadilisha

Mpangilio uko kwenye deki au king'amuzi. TV chogo nyingi hazina sehemu hiyo. Mtumiaji abonyeze "Setup" au "Menu" kwenye rimoti, atafute "TV Type", "TV Shape" au "Aspect Ratio", kisha achague 4:3 LB au "Letterbox".

Mambo mawili ya kuzingatia:

- Diski nyingine hazikubali PS. Zitabaki na mistari hata ukibadilisha.
- Filamu nyingine kwenye flashi zimerekodiwa pamoja na mistari yake. Hiyo haitoki kwa mpangilio. Kinachosaidia ni kitufe cha "Zoom" tu, nacho kinakata pembeni.

Picha ikiwa na fremu nyeusi pande zote nne, mara nyingi mistari imewekwa mara mbili: mmoja umo kwenye filamu, mwingine umeongezwa na deki.

Kabla ya kununua flati

Hapa ndipo pesa inapotea. Flati ya inchi 19 ina upana wa sentimita 42 na kimo cha karibu 24. Ni karibu sawasawa na picha ya 16:9 inayoonekana kati ya mistari ya chogo ya inchi 21. Anayebadilisha ili kuondoa mistari atakuwa ameondoa mistari kweli, lakini filamu itabaki na ukubwa uleule, na vipindi vya zamani vya 4:3 vitakuwa vidogo kuliko mwanzo.

Flati ndogo ina faida nyingine ya kweli: inakula umeme kidogo, jambo kubwa kwa nyumba inayotumia sola. Lakini anayetaka filamu ionekane kubwa zaidi aanzie inchi 24 kwenda juu. Na kama chogo bado ni nzima, aanze na rimoti kwanza.