Kibra Ilikuwa Mji wa Jeshi, na Sisi wa Ziwani Tumo Ndani

Ukikulia Migori au Oyugis, Wanubi unawajua. Ni majirani Waislamu, wanaongea Kijaluo safi kukushinda, na bado kuna mtu huwauliza, "Lakini nyinyi kwenu hasa ni wapi?" Jibu fupi: jeshini. Ndiyo maana mtu akiniambia sisi wa ziwani hatuna hadithi ya mji wa wanajeshi, nakataa. Tunayo. Ni vile tu mji wenyewe uko Nairobi, na saa hii binamu yako amepanga huko.

Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan ya kusini, mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Mwaka 1891 Lugard aliwaandikisha karibu na Ziwa Albert, wakapigania Waingereza Uganda, na KAR ilipoundwa mwaka 1902 walikuwa wameshazoea bunduki kuliko mtu yeyote. Sasa, askari akizeeka anaenda wapi? Kuwarudisha Sudan hakuna aliyetaka. Kuanzia 1904 jeshi likawaweka kwenye msitu pembeni mwa Nairobi. Wao wakauita Kibra, na kwa Kinubi hiyo ni msitu tu. Mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wengine wakatawanyika kwenye miji midogo: Kisii, Mumias, Kibos, mpaka huku kwetu.

Nikisema mji wa jeshi namaanisha wa jeshi kweli. Kupata haki ya kujenga na kulima Kibra ulihitaji pasi kutoka KAR, na pasi hiyo ilikuwa ya waliotumikia miaka 12. Mkubwa wa mtaa alikuwa ofisa wa kambi. Wavulana walikua wakijua wataandikishwa kama baba zao, na hilo ndilo jeshi lilipenda: hapo ndipo askari wa kesho walikuwa wanalelewa. Nyumbani ilikuwa Kinubi, lugha iliyozaliwa kambini kutoka Kiarabu, kina mama na gurbaba zao, na ile jini ya Kinubi iliyofanya mtaa ujulikane mji mzima. Serikali ilichukia hiyo pombe, na wanywaji walikuja tu.

Halafu mwaka 1928 jeshi likaacha kuusimamia mtaa, likaukabidhi kwa serikali ya kiraia. Miaka michache baadaye Tume ya Ardhi ya Carter ikasema hawa ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme. Yaani buda umepigana vita vya mtu mwingine tangu ujana, kisha unaambiwa uko hapa kwa hisani.

Sisi sasa. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mpaka Kisii, na meli za Waingereza zikaja na askari mpaka Karungu, hapo hapo Migori ya leo. Vita vilifika mlangoni. Lakini wanaume wengi wa South Kavirondo hawakupewa bunduki. Walipewa mizigo. Carrier Corps, ambayo Nairobi ilibaki na jina Kariokor, ilichukua vijana wa Nyanza kwa wingi, wakabeba risasi na unga mpaka Tanganyika, na waliokufa kwa kuhara na njaa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jeshi ni lile lile. Mnubi alibeba bunduki akapewa msitu bila hati. Mjaluo alibeba gunia, na aliyepona akarudi nyumbani kwa miguu.

Hii ndiyo sehemu ambayo hatuongei.

Baada ya uhuru watu wetu walienda Nairobi kutafuta kazi, na nyumba ya bei nafuu ilikuwa Kibera. Mnubi ambaye hangeweza kuuza shamba lisilo na hati alijenga vyumba vya udongo akapangisha. Kisumu Ndogo na Gatwekera zikajaa watu wa ziwani. Serikali nayo ikazidi kumega ardhi ile ile na kujenga mitaa ya wenye mshahara: Olympic, Karanja, Ayany, Fort Jesus. Mwisho wa 2001 Rais Moi akasema kodi ya Kibera iko juu sana. Wapangaji, wengi Waluo, wakagoma kulipa. Wenye nyumba, wengi Wanubi, wakakataa kupunguza. Watu wakauana, nyumba zikachomwa. Wajukuu wa askari na wajukuu wa wapagazi wakapigania vyumba vya mabati, na mwenye ardhi, serikali, akatuma polisi.

Mimi siwezi kusema mpangaji alikosea kulia na kodi. Lakini kumwambia Mnubi "rudi kwenu" ni maneno ya mtu asiyejua alikotoka yeye mwenyewe. Wanubi walisubiri sensa ya 2009 ndiyo wahesabiwe kwa jina lao, wakatokea 15,463. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwanyima watoto wa Kinubi uraia tangu kuzaliwa, kwa sababu kijana alikuwa anafika miaka 18 ndiyo aanze kuchujwa kama anastahili kitambulisho. Fikiria unazaliwa Oyugis, unasoma Oyugis, halafu unaitwa mbele ya wazee ueleze babu yako alikuwa nani.

Juni 2017 Uhuru Kenyatta aliwapa hati ya ekari 288. Kutoka 4,197. Hati hiyo ni ya Kibra peke yake, wale wa Migori na Oyugis haiwagusi. Na msee wa Mbita au Rongo aliyepanga Gatwekera bado analipa kodi kila mwezi, kwa nyumba iliyosimama kwenye ardhi ambayo mwenye nyumba wake hana karatasi yake.