Uwezo wa Kazi Uliosalia

Muulize kwa Kiswahili mgonjwa wa utumbo kama ni mlemavu, na huenda akajibu: hapana, ni tumbo tu. Kwetu ulemavu huonekana: gongo, kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe. Ugonjwa wa utumbo kama Crohn hauna alama mwilini ya kumwonyesha mpita njia. Lakini kwa mhamiaji aliyeko Marekani anayeomba malipo ya ulemavu, jibu hilo la kiungwana linaweza kumharibia madai yake.

Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya huko, SSA, haiangalii jina la ugonjwa pekee. Inataka kujua kama umekuzuia kufanya kazi ya kipato cha maana, na kama umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12 mfululizo, au kuishia kifo. Wala haigawi ulemavu kwa asilimia kama ufanyavyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania: ama unastahili, ama hustahili.

Magonjwa ya mmeng'enyo yana sura yake, ya 5, katika orodha ya SSA, na vigezo vyake ni vikali. Anayevuja damu tumboni awe ameongezewa damu mara 3 ndani ya miezi 12, kila mara uniti 2 au zaidi, kwa kupishana siku 30 au zaidi. Aliyekonda, uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) uwe chini ya 17.50 katika vipimo viwili vilivyopishana siku 60 au zaidi, ingawa anatibiwa. Aliyepandikizwa ini huhesabiwa mlemavu kwa mwaka mmoja tangu upasuaji, kisha hutathminiwa upya. Aliyetobolewa tumbo na kuvaa mfuko wa haja hafaulu kwa sababu ya mfuko huo tu, akiwa anaweza kuutunza na lishe yake ni nzuri.

Asiyefikia vigezo hivyo hajashindwa bado. Anaingia kwenye kile Waamerika wanachokiita residual functional capacity. Nimeona "uwezo wa mabaki", tafsiri inayonuka sahani zisizooshwa. Bora "uwezo wa kazi uliosalia": ugonjwa umechukua chake, sasa tuhesabu kilichobaki. Neno "kazi" lisiachwe nje, maana kinachopimwa ni kiwango cha juu mtu anachoweza kukifanya mfululizo, saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kulima bustani Jumamosi moja tumbo lilipotulia si kipimo.

Na hapa heshima yetu hugeuka kikwazo. Mtu mzima hatangazi safari zake za msalani, tena mbele ya mkalimani aliye rika la mwanawe. Atasema "tumbo linanisumbua kidogo, baba", na mkalimani mwaminifu atatafsiri hivyo hivyo: kidogo. Kumbe mfanyakazi anayeondoka mezani kila baada ya nusu saa, bila kujua ataondoka lini, hana siku ya kazi iliyosalia hata kama mikono yake inabeba gunia. Swali lenye faida ni hili: kwa siku unakwenda chooni mara ngapi, unakaa huko muda gani, na kwa mwezi ni siku ngapi hutoki nyumbani? Majibu hayo mgonjwa ampe pia daktari wake, yaandikwe kwenye faili kila anapohudhuria kliniki, kwa sababu maelezo ya dalili peke yake hayathibitishi ugonjwa.