Pai ya mboga na jibini, kutoka Ipelele

Leo naandika habari za chakula, lakini msinikimbie, haya si mapishi matupu.

Kuna pai ya mboga na jibini. Ukiiagiza kwenye mgahawa wa Masaki unaletewa kipande chembamba, jani moja la saladi pembeni, na bili ambayo huku Makete ingelisha nyumba nzima. Watu wanaiita chakula cha Wazungu na mjadala unaishia hapo. Mimi nabisha. Nikienda Ipelele kwa mama mdogo huwa naipika, na karibu kila kinachoingia ndani yake kinatoka mkoa huu huu wa Njombe: ngano, maziwa, siagi, mayai, karoti, vitunguu, viazi, hata jibini yenyewe. Chumvi tu ndiyo inatoka mbali. Nataka kusimulia vitu hivi vilivyofika hapa, maana katika safari hiyo ndimo ninamoona kwa nini vikishazaa vinapandishwa kwenye roli na kuondoka.

Kwanza pai yenyewe. Wafaransa wana quiche, ya jimbo la Lorraine mpakani na Ujerumani, na inasemekana jina limetokana na neno la Kijerumani Kuchen, yaani keki. Mwanzoni ilikuwa kinyunya cha mkate, mayai na krimu, jibini ikaja baadaye. Lakini ndugu wa karibu zaidi wa pai yangu anaitwa erbazzone, wa mji wa Reggio Emilia huko Italia. Ni unga mwembamba chini na juu, katikati mboga za majani, kitunguu, saumu na jibini. Kilikuwa chakula cha maskini. Walitia hata mashina meupe ya mboga ili kisitupwe kitu. Na mboga yenyewe, jamani, ni ile ile ya mashina meupe ambayo sisi sokoni tunaiita spinachi. Mkoa wao unaitwa Emilia-Romagna. Shikeni hilo jina, tutakutana nalo mbele kidogo.

Ngano. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Ukinga miaka ya 1890 na kujenga vituo kama Bulongwa. Ngano ya nyanda za juu kusini inahusishwa na wamisionari wa Kijerumani, na mtu aliyezoea mkate huwezi kumlaumu kwa kuja na mbegu. Viazi mviringo navyo vilitoka huko huko, ndiyo maana hadi leo wapo wanaoviita viazi ulaya. Ipelele iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Mahindi hapa yanachukua muda kukomaa. Ngano na viazi vilijiona viko nyumbani.

Maziwa ni hadithi ndefu zaidi. Wafugaji wa Afrika Mashariki tangu zamani walikuwa na maziwa ya mgando na samli, jibini hawakuitengeneza. Wengi wetu neno "jibini" tulilijua kwenye kamusi kabla ya kulionja (mtaani tunasema chizi, neno ambalo lina kazi nyingine kabisa, hilo tuliache). Ng'ombe wa maziwa hasa walikuja na serikali baada ya Uhuru. Pale juu kwenye uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, kulianzishwa shamba la mifugo. Miaka ya 1960 walijaribu kondoo, baadaye wakaja ng'ombe wa Friesian, wale wenye mabaka meusi na meupe. Baadaye tena ikaja mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa ndama jike unampeleka kwa jirani. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa mipango michache ya maendeleo ambayo bibi wa kijijini anaweza kuieleza kwa sentensi moja, na labda ndiyo maana ilifanya kazi.

Shida ikawa barabara. Maziwa hayasubiri. Mvua ikinyesha, gari likikwama, maziwa ya jioni yanaharibika kabla ya kufika mjini. Sasa hapo ndipo jibini inapoingia, na watu wengi hawailewi hivi: jibini ni namna ya kusafirisha maziwa. Lita kama 10 zinakuwa kilo moja, na kilo hiyo inaweza kukaa, inaweza kupanda basi.

Waliokuja na ujuzi huo Njombe ni CEFA, shirika la Bologna lililoanzishwa mwaka 1972 na mwanasiasa Giovanni Bersani pamoja na vyama vya ushirika vya wakulima wa huko. Na Bologna ndio mji mkuu wa Emilia-Romagna, mkoa wa ile erbazzone. Miaka ya 1980 walikuwa Matembwe wakijenga umeme wa maji wa kijiji. Katikati ya miaka ya 2000 wakashirikiana na wafugaji wa Njombe, ambao chama chao kinaitwa NJOLIFA, kuanzisha kiwanda cha maziwa. Kikatoa maziwa ya pakiti, mtindi, na jibini za Kiitaliano kama mozzarella. Mradi ulijulikana sana Italia, hadi ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Milano mwaka 2015. Maziwa yalipelekwa pia shuleni, watoto wakanywa. Jibini ilienda Dar es Salaam.

Sisemi hilo lilikuwa kosa. Mfugaji anahitaji hela, na anayenunua jibini kwa bei nzuri yuko Dar. Lakini angalieni mtindo mzima ulivyo. Reli ya TAZARA ilipopita Makambako miaka ya 1970, na barabara ya kwenda Songea ikaanzia hapo hapo, mji ule ukawa mlango wa kutokea. Viazi vinatoka kwa lumbesa, lile gunia lenye kichwa kirefu kuliko gunia lenyewe, ingawa sheria inasema lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na moja na nusu. Nimekaa Makambako, nimewahi kuhesabu maroli hadi nikachoka. Hata okidi za Kitulo hazikupona. Viazi vyake vilichimbwa na kuuzwa Zambia, wanakovitwanga na karanga kupika chikanda, na uchimbaji ule ulikuwa sababu mojawapo ya watu kudai hifadhi, mpaka Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Halafu soma takwimu hizi ukiwa umekaa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Jirani zetu Iringa walikuwa na 56.9. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji. Mtu wa Dar akisikia anadhani kuna njaa. Hakuna njaa. Mama anaamka saa kumi na moja, anashinda shambani na mtoto mgongoni, mtoto anakula uji wa mahindi mtupu, jioni ugali au viazi vya kuchemsha. Mayai yanauzwa kwa sababu mayai ni hela. Maziwa yanauzwa kwa sababu maziwa ni hela. Tangu wamisionari mpaka wafadhili, kila kipya kilichofika hapa kilikuja na soko lake, na yai likishakuwa na bei mtoto anapitwa.

Mama mdogo mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, mayai manne kwa chakula kimoja?" Nikamwambia ni ya watu wanane, mama, ni nusu yai kwa mtu. Akafikiri, akasema basi ongeza viazi. Na alikuwa sahihi, viazi vinaishikilia pai vizuri.

Haya, mwenye nia achukue kalamu. Unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 125, chumvi kidogo. Vikichie kwa ncha za vidole mpaka viwe kama chenga, kisha maji baridi vijiko vitatu au vinne, kanda haraka, acha nusu saa. Kinyunya hiki kinataka baridi, na hapo Ipelele inaishinda Dar bila friji: weka bakuli dirishani tu. Kaanga kitunguu, karoti na spinachi pamoja na mashina yake, mpaka maji yote yakauke, usiharakishe hapo. Chemsha viazi viwili, katakata vipande vyembamba. Piga mayai manne na maziwa kikombe kimoja. Jibini gramu 150, ikwangue. Kama huna jibini, chemsha maziwa lita mbili, kamulia ndimu, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi. Hiyo nayo ni jibini.

Tandaza kinyunya kwenye sufuria pana iliyopakwa siagi, panga viazi, mboga, jibini, mimina mayai. Funika kwa mfuniko bapa, palia makaa: mengi juu, machache chini. Wale wa pwani wanajua, ndivyo wanavyochoma mikate yao. Dakika 40 hivi. Ukiitikisa sufuria katikati pasicheze, epua. Isubiri ipoe kidogo kabla ya kukata, la sivyo mayai yatakumwagikia, na watoto wa jirani watakuwa wameshafika mlangoni.