Mashindano ya Mpira wa Mikono ya Mataifa ya Afrika

Mashindano ya Afrika ya mpira wa mikono, mchezo ambao timu mbili za wachezaji saba kila moja, akiwemo mlinda mlango, hushindana ndani ya uwanja wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, yalianza mwaka 1974 mjini Tunis, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa shirikisho la bara, na wenyeji Tunisia wakatwaa ubingwa wa wanaume. Tangu hapo taji hilo halijavuka Jangwa la Sahara kuelekea kusini, kwa kuwa Tunisia, Algeria na Misri zimelipokezana zenyewe, Algeria ikilishika mfululizo kuanzia 1981 hadi 1989.

Historia ya wanawake ni pana zaidi na, kwa haki, inastahili kuandikwa kwanza: Kongo-Brazzaville ilitawala kuanzia 1979 hadi 1985, kisha Angola, iliyopata taji lake la kwanza mwaka 1989 wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini humo, ikajenga ubabe ambao hakuna taifa jingine la Afrika lililoukaribia.